Mtoto hashibi kwa embe

Mvua za mwisho wa mwaka zikishika, mtoto wa hapa Kamina, Kongo, haulizi jikoni kuna nini. Anatoka asubuhi na wenzake, anarudi jua likiinama, na shati lake ndilo linalokueleza alikoshinda. Maji ya embe yamekauka kifuani, nyuzi zimenasa katikati ya meno, mashavu yananata. Ukimwekea bukari na sombe anamega matonge mawili, anasukuma sahani. Bibi yake aliyekaa mlangoni anamtetea: mwacheni, ameshiba embe.

Na embe haliko peke yake. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini, na watoto huwanyofoa mabawa wakawatia mdomoni wangali hai. Porini, kwenye miombo, kuna masuku na mpundu. Lupangoni kuna mapera na mapapai. Karanga zinapong'olewa, zile changa zenye maji huliwa palepale shambani, udongo ukipanguswa kwa kiganja. Njiani kurudi nyumbani kuna kipande cha muhogo kilichomenywa kwa meno, kuna na muwa. Mtu akikaa siku moja na daftari, akaandika kila kinachopita kinywani mwa mtoto wa miaka saba tangu anapoamka hadi mbabula, jiko la makala, inapowashwa, mistari ya vitu vilivyopikwa itakuwa michache.

Sababu yake kila mama anaijua. Makala ya kupikia yana bei, na katika nyumba nyingi mbabula huwaka mara moja kwa siku, jioni. Kati ya jioni moja na nyingine mtoto anajitafutia. Kwa hiyo ninapoandika juu ya kula vibichi, siandiki juu ya jambo lililoshuka jana kwenye treni. Ni jambo letu la kila siku, ila hatujalipa jina.

Kwingine lina jina, na wapo wanaolichagua kwa hiari. Huko Zurich, Uswisi, daktari Maximilian Bircher-Benner alianza, karibu na mwaka 1900, kuwalisha wagonjwa wake matunda, njugu na nafaka zilizolowekwa bila kupikwa. Mchanganyiko wake wa tofaa na oti ndio unaouzwa leo madukani duniani kote kwa jina la muesli. Baada yake wakaja wenye msimamo mkali zaidi, wanaotaka sehemu kubwa ya chakula, au chote, iliwe bila kuguswa na moto. Wengi wao ni wazazi, na wanawalea watoto wao hivyo. Simu imeyaleta mafundisho hayo hadi kwetu: ndugu aliye Ulaya anatuma sauti kwamba moto unaua vitamini, kwamba magonjwa yote yanatoka sufuriani, kwamba mtoto apewe matunda na majani mabichi tu.

Mama anayesikia hayo, makala yakiwa yamepanda bei na watoto wake wakiwa tayari wanashinda chini ya mwembe, anaweza kuona amepata ruhusa ya kutowasha mbabula. Hapo ndipo ninapotaka kusimama naye kidogo. Mimi pia ni mzazi, na nimeichukua hoja hiyo kwa uzito, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Nianze na nusu hiyo. Pera la lupangoni, lile ambalo watoto hulichuma likiwa bado gumu, lina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C katika kila gramu 100. Chungwa lina kama 50. Vitamini hii haivumilii moto. Ukiichemsha, sehemu kubwa inapotea na nyingine inabaki kwenye maji unayomwaga. Na kazi yake haiishii kwenye fizi na vidonda. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani ni ya aina ambayo mwili huyachukua kwa shida, na vitamini C ndiyo inayoyafungulia mlango, mradi viliwe pamoja. Mtoto aliyekula maharage na kipande cha pera katika mlo mmoja anapata chuma zaidi kuliko yule aliyekula pera saa nne asubuhi na maharage saa moja usiku.

Tazama sasa siku ya mtoto wetu ilivyopangika. Vibichi ni vya mchana, vilivyopikwa ni vya jioni, na kati yake zimepita saa sita au saba. Vitu viwili vinavyohitajiana vinapishana kama treni mbili zisizokutana stesheni. Hilo halihitaji fedha kurekebishwa. Embe moja au pera moja likifichwa hadi jioni, likakatwa pembeni ya sahani ya maharage, chuma cha maharage kinapata njia.

Mawese nayo ni ya nusu hii ya kweli. Ule wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ileile wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 kwa matone mara mbili kwa mwaka kwenye kampeni. Wapo wapishi wanaoyachemsha mawese mpaka yageuke meupe ndipo watie kitunguu, na wekundu unapoondoka, karotini nayo imeondoka. Mama anayechemsha maharage yake, kisha akatia kijiko cha mawese mekundu wakati sufuria inashushwa, anampa mtoto dawa ya macho na ya kinga bila kulipa zaidi. Hapo wanaosema moto unaharibu wana haki kabisa.

Na chakula kibichi kilicho bora kuliko vyote hakikuanguka mtini. Ni maziwa ya mama. Miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji kingine, hata maji, hata uji mwepesi, hata maji ya mchele. Kila kijiko cha kitu kingine kinachotangulia miezi hiyo kinamletea vijidudu na kumpunguzia hamu ya ziwa.

Baada ya miezi hiyo 6 ndipo mambo yanapobadilika, na hapo ndipo nusu ya pili ya hoja inapovunjika.

Reli inayotoka Kamina kuelekea Kabalo inaishia Kalemie, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ng'ambo, kaskazini mwa Kigoma, kuna msitu wa Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Miaka ya 1970 alifika hapo Richard Wrangham, mwanafunzi aliyekuja kuwa profesa Harvard, na baadaye akafanya kazi kwa miaka mingi katika msitu wa Kibale, Uganda. Wrangham aliwafuata sokwe na kuonja mwenyewe matunda wanayokula, akaona kwamba mengi ni machungu, makavu na yamejaa nyuzi. Sokwe hutumia kama saa 6 kwa siku kutafuna tu. Binadamu anatosheka na saa moja au pungufu. Katika kitabu chake cha mwaka 2009 alieleza kwa nini: moto hulainisha chakula na kuufungua wanga, hivyo mwili unapata nguvu nyingi zaidi kwa kazi ndogo zaidi. Meno yetu madogo na utumbo wetu mfupi, kwa hoja yake, ni vya kiumbe aliyezoea kupika tangu zamani sana. Wapo wanasayansi wanaobishana naye juu ya tarehe ya moto wa kwanza. Juu ya nguvu inayopatikana katika kiazi kilichopikwa kuliko kibichi, ubishi ni mdogo.

Hata Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao watoto wao hula matunda ya porini, asali na mizizi siku nzima, na ambao mtu angewatazama kama mfano wa kula vibichi, hawaishi bila moto. Nyama inachomwa. Mizizi mingi inapitishwa motoni kabla ya kumenywa. Mtoto anayeachishwa ziwa anapewa mafuta laini ya mifupa na unga wa ubuyu uliokorogwa. Wanajua kwamba kinywa kisicho na magego hakiwezi kazi ya sokwe.

Tumbo la mtoto linaeleza mengine. Linabeba kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anajaa kwa gramu 300 hivi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anayenyonya bado anahitaji kama kalori 550 kwa siku kutoka chakula kingine. Embe lina kalori 60 katika gramu 100. Ukitaka kumpa kalori hizo kwa embe, umlishe zaidi ya gramu 900 za nyama ya embe, ukiacha ganda na kokwa: matumbo matatu yaliyojaa hadi juu, kila siku, na bado anyonye. Na ndani ya mzigo huo wote protini haifiki hata gramu 10, chuma ni kidogo mno, na vitamini B12, inayopatikana katika vyakula vya wanyama, haimo kabisa.

Ndiyo maana mtoto wa msimu wa maembe anaweza kuwa na tumbo lililovimba na bado, siku ya kupima kilo kwenye kituo cha afya, mstari wake ukalala au kushuka. Bibi anasema ameshiba, na kweli tumbo limejaa. Mwili haujala.

Kuna vibichi vizito zaidi, sikatai. Karanga zina kalori zinazozidi 560 katika gramu 100, savoka lina kama 160. Lakini karanga nzima ni hatari ya kumpalia mtoto mdogo. Kwa aliye chini ya miaka 4 au 5 zisagwe ziwe laini kabisa. Na zichambuliwe kwa mkono moja moja, kwa sababu yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyogeuka rangi inaweza kubeba sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haimalizwi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Asali nayo, ambayo miombo yetu inatoa nzuri sana, asilambishwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hata tone, kwa kuwa inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mchanga hadi pumzi.

Niseme na juu ya mama mwenyewe, maana mzazi anayebadili chakula cha watoto huanza na chake. Watafiti wa Giessen, Ujerumani, walichapisha mwaka 1999 habari za watu zaidi ya 500 waliofuata mlo wa vibichi kwa muda mrefu. Miongoni mwa wanawake walio chini ya miaka 45, kama asilimia 30 hedhi yao ilikuwa imevurugika au imekatika kabisa. Wale ni watu wenye maduka yaliyojaa, wanaochagua njugu na matunda ya kila nchi. Mwili wao uliona njaa ukafunga mlango wa uzazi. Mwanamke wa Kamina anayenyonyesha, anayebeba maji kichwani na kulima, asitiwe katika jaribio hilo.

Sasa nifike kwenye muhogo, kwa sababu hapa ndipo ujumbe wa simu unapoweza kuua.

Sisi sote tumeutafuna muhogo mbichi. Ni mtamu, unapasuka mdomoni kama nazi changa, na ukiula na karanga unatembea hadi nyumbani bila kulalamika. Lakini ndani ya kila muhogo, mtamu na mchungu, kuna kitu kiitwacho linamarini. Chembe za muhogo zikivunjwa, kwa meno, kwa mbuzi ya kukunia au kwa mchi, kitu hicho hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nacho, na sianidi hutoka. Muhogo mtamu unayo kidogo. Mchungu unayo nyingi, mara nyingine mara kumi na zaidi. Ganda linashinda nyama. Na aina ileile uliyoizoea, mvua zikikatika, huongeza sumu yake. Muhogo wa mwaka wa ukame si muhogo wa mwaka jana.

Mama zetu hawakusoma jina linamarini popote, na bado walijenga njia nzima ya kuishinda. Muhogo mchungu unamenywa, unalowekwa siku tatu au nne hadi ulainike na kutoa harufu, unaanikwa, unatwangwa, ndipo unakuwa unga wa bukari. Sombe, yaani majani ya muhogo, hutwangwa kwenye kinu mpaka majani yasitambulikane, ndipo yachemke muda mrefu. Kule kutwanga kunavunja chembe ili sumu itoke, na gesi yake huruka hata kwenye joto la nyuzi 26 tu. Moto unamaliza kazi. Anayeruka hatua moja ili kuokoa makala au muda hajui anachokirudisha ndani ya sahani.

Huko mbali, mafundisho ya vibichi yanawaambia watu wasage majani ya kijani kwenye mashine, wachanganye na ndizi, wampe mtoto anywe. Kwao ni spinachi. Mama wa huku akitafuta jani la kijani lililo karibu, atakutana na sombe mlangoni. Naomba nieleweke: sombe mbichi iliyosagwa na kunyweshwa mtoto ni sumu. Hakuna ndimu wala asali inayoiondoa.

Nchi yetu inayo historia ya jambo hili. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango, magharibi mwa Kongo, ambao wenyeji waliuita konzo, jina la Kiyaka linaloeleza miguu iliyofungwa. Mtu, mara nyingi mtoto au mwanamke wa umri wa kuzaa, analala mzima na kuamka miguu imekakamaa. Hakuna dawa ya kuirudisha. Mwaka 1981, kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliwafanya watu wa Nampula wafupishe kazi ya muhogo, na zaidi ya watu 1,000 wakapooza. Huko waliuita mantakassa. Daktari Mswidi, Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi Nacala, alikuwa miongoni mwa waliouchunguza. Wilaya ya Tarime, Tanzania, nayo iliuona miaka hiyo ya 1980. Kila mahali habari ilikuwa ileile: muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, na sahani isiyo na maharage, samaki wala nyama. Mwili huhitaji protini yenye salfa ili kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara, na mtoto aliyeshinda kwa embe na muhogo hana akiba hiyo.

Huko Popokabaka, Kwango, wanawake wamefundishwa njia rahisi aliyoibuni mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury. Unga wa muhogo unakorogwa na maji uwe mzito, unatandazwa mwembamba, usizidi sentimita moja, unaachwa saa 5 kivulini au 2 juani, ndipo unapikwa siku hiyohiyo. Sianidi inayobaki inatoka hewani. Hakuna mashine wala dawa, ni beseni na subira. Anayetilia shaka unga wake anaweza kuanza leo.

Kwa hiyo muhogo mbichi wa watoto nauwekea masharti. Uwe wa shamba unalolijua, aina inayojulikana kuwa tamu. Umenywe kwa kisu, ganda lote litupwe. Kiwe kipande kidogo, kisiwe mlo. Ukiuma ulimi kwa uchungu, utemwe, na mtoto afundishwe kutema bila kuona haya. Ukiweza, uchome kwenye majivu ya mbabula, maana muhogo mtamu uliomenywa na kuchomwa ni mtamu kuliko mbichi.

Maharage nayo yana sumu yake ndogo. Yakiwa mabichi au nusu mabichi, hasa yale mekundu, punje nne au tano zinatosha kumtapisha mtu mzima. Yalowekwe, maji yamwagwe, yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya moto kupunguzwa. Kuyaweka juu ya makala dhaifu yasitokote ni kuyaacha na sumu yake. Soya ya uji ikaangwe au ichemshwe kwanza, kwani ikiwa mbichi huzuia tumbo lisisage protini yake. Ndivyo mlo wa vibichi unavyomnyima mtoto wetu vitu viwili vinavyomjenga kwa bei anayoiweza mzazi wake: maharage na soya. Samaki wa Lualaba kutoka Bukama, sina haja ya kueleza kwa nini hatuli wabichi.

Imebaki gharama ambayo haitajwi kabisa katika zile sauti za simu, nayo ni maji.

Anayepika anaosha kwa moto. Sufuria ikitokota, uchafu mwingi wa sokoni na wa kisimani unakufa humo. Anayekula kibichi hana mlinzi huyo, na ulinzi wote unahamia kwenye maji na sabuni. Mkoa wetu wa Haut-Lomami unakijua kipindupindu. Ukanda wa maziwa ya Upemba, Bukama, Kinkondja, Malemba Nkulu, ni kati ya maeneo ya Kongo ambako ugonjwa huo hurudi mara kwa mara, na watu na samaki wa huko hufika Kamina kwa reli na kwa barabara. Mwaka 2017 Haut-Lomami ilipata mlipuko wa polio inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika, nayo hupita njia ileile ya uchafu kuingia kinywani. Mwuza nyanya hunyunyizia bidhaa yake maji ili ing'ae. Maji hayo yametoka wapi? Embe lililokatwa vipande na kupangwa sahanini kando ya barabara limepita kwenye kisu kinachosuuzwa katika ndoo moja tangu asubuhi. Ukinunua embe zima, ukaliosha, ukalimenya mwenyewe kwa mikono safi, unampa mtoto kitu kingine kabisa.

Kachumbari ya mtoto, basi, inataka bidoni la maji safi ya peke yake. Ioshwe mara ya kwanza kuondoa udongo, ilowekwe katika maji yenye klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, isuuzwe kwa maji ya kunywa. Hata hivyo mayai ya minyoo yanaweza kustahimili klorini, na mboga za bondeni zinazomwagiliwa kwa maji ya dimbwi ni bora zipikwe. Lengalenga na matembele hayapotezi heshima yake yakipikwa dakika chache na kutiwa mawese. Kinyume chake, moto na mafuta huifungua karotini yake kuliko yangeliwa mabichi.

Ukipiga hesabu kwa uaminifu, kulisha mtoto vibichi kwa usalama hapa mjini hakuokoi makala. Kunahamisha gharama kutoka kwenye mbabula kwenda kwenye bidoni, na anayebeba bidoni ni mama yuleyule, au binti yake kabla ya kwenda shule.

Sitaki mtoto yeyote azuiwe kupanda mwembe. Embe la mchana ni haki yake, na furaha ile ya kulinyonya kokwa hadi libaki jeupe sina sababu ya kuipunguza. Ninalotaka ni kwamba wakubwa tusilihesabu kama mlo. Jioni mbabula iwashwe, hata makala yakiwa machache yakatosha sufuria moja ya maharage yaliyolowekwa tangu asubuhi, maana yaliyolowekwa huiva upesi na kula makala kidogo. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, uji mzito wa asubuhi wenye karanga zilizosagwa usirukwe kwa sababu kuna maembe uani.

Wazazi wa shule za Kamina nawaomba jambo moja kabla ya msimu ujao. Chini ya kila mwembe wa shule iwekwe ndoo yenye mfuniko na koki, ijazwe kila asubuhi, na sabuni ifungwe kwa kamba kando yake. Watoto watakula maembe hayo tuwepo tusiwepo.